Ile sarafu ya "Freemason" kwenye koti la mtumba, na makaratasi waliyoyaacha hawa ndugu wa siri

Jumapili moja jioni grupu letu la WhatsApp la mtaani liliwaka. Fundi cherehani wetu alikuwa anapunguza koti la suti la mtumba, mali ya kijana mmoja aliyelinunua Karume kwa ajili ya harusi ya kaka yake, sasa katika kufumua bitana akakuta kitu kigumu kimedumbukia ndani kupitia mfuko uliotoboka, kukitoa ni sarafu ya shaba, kubwa kuliko mia mbili yetu. Upande mmoja imeandikwa ONE PENNY na jina la tawi fulani la huko Marekani, upande wa pili kuna mchoro wa jiwe pana juu jembamba chini, ndani ya jiwe kuna duara, na kuzunguka duara herufi nane: H T W S S T K S. Fundi akapiga picha akarusha.

Hazikupita dakika tano hukumu ikatoka. Mama mmoja akaandika hiyo ni ya Freemason itupeni baharini, mwingine akamjibu baharini hapana, samaki wataimeza halafu samaki tutamla sisi. Kijana wa bodaboda akatoa tafsiri kamili kwamba K ni Kafara na S ziko tatu kwa sababu Shetani anaitwa mara tatu (herufi za Kizungu kutoka Marekani, tafsiri ya Kiswahili, lakini hakuna aliyeuliza). Mwenye koti akasema hataki tena koti. Fundi yeye alikuwa anauliza tu hela ya kupunguza atalipwa na nani.

Nikakaa kimya siku mbili nikachimba, maana vitu vya zamani kwangu ni ugonjwa. Na majibu yalivyokuja nilicheka peke yangu kwenye daladala. Zile herufi ni vifupi vya maneno ya Kiingereza ambayo kwa Kiswahili ni hivi: Hiramu wa Tiro, mwana wa mjane, atumwa kwa Mfalme Sulemani. Fungua 1 Wafalme sura ya 7 utamkuta huyo Hiramu, fundi wa shaba, mama yake mjane, aliyeitwa na Sulemani kuja kufanya kazi ya hekalu. Na ile ONE PENNY ni dinari ya Mathayo sura ya 20, wale vibarua wa shamba la mizabibu, wa asubuhi na wa jioni wote wakalipwa sawa wengine wakanung'unika. Yaani kitu tulichotaka kukitupa baharini ni masomo mawili ya Sunday school yaliyogongwa kwenye shaba.

Sasa kabla hatujaenda mbali tuelewane maneno, kwa sababu nusu ya ugomvi wetu unatokana na kuchanganya maneno.

Chama cha kindugu ni kikundi cha watu wasio ndugu wa damu wanaokubaliana kuitana ndugu. Wana kiapo, wana ada, wana ngazi za kupanda, wana alama za kutambuana, na mwenzao akiumwa au akifa wanachangia. Freemason ni kimoja tu kati ya vingi. Kuna Odd Fellows, ambao tawi lao la Marekani lilianzishwa Baltimore mwaka 1819 na mhunzi mmoja anaitwa Thomas Wildey, alama yao ni mnyororo wa pingili tatu. Kuna Knights of Pythias, kuna Elks, kuna Woodmen, huko Marekani mwishoni mwa karne ya 19 ilikuwa ukitupa jiwe linampata mwanachama. Loji ni tawi, na pia ni jengo ambalo tawi linakutania, sio lodge ya kulala kwa masaa. Hati ya loji ni karatasi kutoka makao makuu inayosema nyie watu mnaruhusiwa kukutana kwa jina letu. Na kumbukumbu za chama ni kila kilichobaki baada ya wenyewe kufa: aproni, medali, vyeti, pete, madaftari ya vikao, risiti, picha za pamoja, na sarafu kama ya fundi wetu.

Ukitaka kuelewa haraka, fikiria VICOBA au kikundi cha kufa na kuzikana cha mtaani kwenu. Mna katiba, mna daftari, mna mweka hazina, mna faini ya kuchelewa, na mna lile sanduku la chuma lenye kufuli tatu, funguo kila mmoja ana ya kwake ili asipatikane mjanja wa kufungua peke yake usiku. Sasa basi, vyama vya kusaidiana vya Ulaya vilikuwa na sanduku hilohilo. Mabaharia wa Scotland karne ya 17 walikuwa na vyama vinavyoitwa kabisa vyama vya sanduku, vya kuwalea wajane na yatima wa waliozama, na masanduku ya vyama vya namna hii yapo mpaka leo kwenye makumbusho, ya mbao ngumu, matundu ya funguo matatu. Mimi niliona picha ya moja nikasema hiki kitu nakijua, mama yangu mdogo alikuwa ameshika ufunguo wa pili.

Vitu vya Freemason vyenyewe vimejengwa juu ya ufundi uashi, ndo maana unaona bikari na skwea kila mahali. Hizo ni zana za fundi ujenzi tu. Timazi, pima maji, mwiko, nyundo, vyote vimo, na kila kimoja wamekipa fundisho: skwea inakufundisha unyoofu, pima maji inakukumbusha watu wote wako sawa. Aproni nayo ni aproni ya fundi, ya mwanzo kabisa anayopewa mgeni ni nyeupe ya ngozi ya kondoo, anavyopanda ngazi inazidi kupambwa. Ule mwiko wenye bapa la fedha ambao George Washington aliutumia kuweka jiwe la msingi la jengo la Bunge la Marekani tarehe 18 Septemba 1793, akiwa amevaa aproni yake, bado umehifadhiwa na loji yake ya Alexandria, Virginia. Na jengo kubwa la Freemason la London, lililojengwa kati ya 1927 na 1933 kukumbuka ndugu waliokufa Vita Kuu ya kwanza, lilichangiwa kwa harambee, aliyetoa kuanzia gini 10 (hela ya zamani ya Waingereza) alipewa medali ya kuvaa kifuani yenye utepe wa buluu. Hizo medali leo zimejaa kwenye minada ya mtandaoni, wajukuu wanauza wakidhani ni hazina ya siri kumbe ni kama zile beji za mchango wa ujenzi wa kanisa.

Na ile sarafu? Kwenye tawi la Freemason linaloitwa Royal Arch, mtu akifuzu ngazi moja ya waashi anapewa hiyo dinari, halafu anachagua alama yake binafsi inachongwa katikati ya lile duara. Wamelitoa kwa waashi wa kweli wa zamani waliokuwa wanachonga alama zao kwenye kila jiwe ili siku ya malipo ijulikane nani kachonga mangapi. Ukienda kwenye makanisa makubwa ya zamani ya Ulaya hizo alama bado zinaonekana ukutani, mshale, nyota, msalaba uliopinda.

Haya, tuingie kwenye makaratasi, maana hapa ndo penye utamu.

Watu wanadhani daftari la kikao la loji limejaa mambo ya kutisha. Daftari la zamani la loji ya Edinburgh, ambalo linatajwa kuwa kati ya ya kale kabisa yaliyobaki duniani, linaanza tarehe 31 Julai 1599. Unajua kikao hicho kilihusu nini? Fundi mmoja anaitwa George Patoun alimpa kazi mtu asiyekuwa mwashi aliyesajiliwa, akamwachia atengeneze kichwa cha bomba la moshi kwa siku mbili na nusu. Basi. Alikuwa ameweka deiwaka. Wenzake wakamweka kitimoto, akakiri kosa, akaomba radhi, wakamsamehe na kuonya kwamba mwingine akirudia atakiona. Huyo mtu asiye na sifa wana jina lake maalum mpaka leo, na mambo mengi ya nywila na kushikana mikono kwa namna fulani chanzo chake ni hapo: kumzuia deiwaka. Hakukuwa na kitambulisho wala cheti cha VETA, fundi anatoka mji mmoja kwenda mwingine kutafuta kazi, utamjuaje kama ni fundi kweli? Unamuuliza neno. Akilijua, kazi anayo.

Kuna andiko la kale zaidi ya hilo, shairi la mistari 794 lililoandikwa miaka ya mwisho ya karne ya 14 au mwanzo wa ya 15, liko Maktaba ya Uingereza. Kuelekea mwaka 1840 msomi mmoja, James Halliwell, ndo alishtukia kwamba linahusu waashi, kabla ya hapo lilikuwa linajulikana tu kama shairi la maadili. Linasema fundi asimpore mwenzake kazi, bosi amlipe kibarua kulingana na bei ya chakula, halafu kuelekea mwisho linageuka kuwa somo la adabu: mikono iwe safi, usiongee mdomo umejaa, usipenge kamasi kwenye kitambaa cha meza wala usichokonoe meno mezani. Hati nzito ya ndugu wa siri, na imo habari ya kupenga kamasi. Mi napenda sana hiyo sehemu.

Mtu atauliza, kama ni hivo mbona wanaficha?

Swali zuri, na jibu liko zaidi ya moja. La kwanza nimeshasema, ulinzi wa kazi. La pili ni serikali. Uingereza baada ya mapinduzi ya Ufaransa ilikuwa inaogopa kikundi chochote chenye kiapo, ikatunga sheria 1799 ya kupiga marufuku vyama vya namna hiyo, Freemason wakaachwa kwa sharti kwamba kila mwaka loji ipeleke serikalini orodha ya wanachama wake, jina, anuani na kazi. Sheria hiyo iliendelea kuwepo mpaka 1967! Kwa hiyo hicho chama cha siri kilikuwa kinapeleka majina serikalini kila mwaka kwa zaidi ya miaka 160, na leo watu wanaotafuta ukoo wao wanayasoma kwa raha zao kwenye nyaraka za kaunti. Rejista za makao makuu ya London za 1751 mpaka 1921 zimeshawekwa mtandaoni, pamoja na loji za makoloni.

Kwa maskini ilikuwa ngumu zaidi. Mwaka 1833 wakulima vibarua sita wa kijiji cha Tolpuddle, kusini mwa Uingereza, walianzisha chama cha kusaidiana kwa sababu mishahara ilikuwa inashushwa. Walimfunga macho kila mgeni, akapiga magoti, akala kiapo, akafunguliwa macho akakuta mbele yake picha kubwa ya mifupa ya mtu. Mwaka 1834 walihukumiwa miaka saba, wakasafirishwa mpaka Australia, kosa likiwa kiapo. Kelele za wananchi ndo ziliwarudisha. Sasa mtu akisikia "kiapo, macho yamefungwa, mifupa" anafikiria kafara, lakini pale ilikuwa ni vibarua wanaogopa mwenzao asije akawachoma kwa tajiri.

Na sababu ya tatu, tuseme ukweli, ni utamu tu wa kuwa na siri. Watu wazima wanapenda kucheza. Hapa niwaletee kisa ambacho mimi kwangu hakina mpinzani.

Kuna kitabu cha mkono kutoka Ujerumani, kurasa 105, jalada la karatasi yenye maua ya kijani na dhahabu, ndani herufi kama 75,000 zilizoandikwa vizuri mno bila nafasi kati ya maneno, mchanganyiko wa herufi za kawaida na alama za ajabu, na hakuna aliyeweza kukisoma kwa zaidi ya miaka 200. Mwaka 2011 mtaalamu wa kompyuta wa Marekani, Kevin Knight, na watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Uppsala, Beáta Megyesi na Christiane Schaefer, wakakivunja. Walihangaika kwanza na zile herufi za kawaida wakidhani ujumbe uko hapo, kumbe zile zilikuwa danganya toto, nafasi tu za kutenganisha maneno, ujumbe wenyewe ulikuwa kwenye yale madude. Lugha ni Kijerumani. Wenyewe ni chama cha "madaktari wa macho" cha karne ya 18, ndugu waliopenda sana habari za macho na miwani.

Sasa sikia siri iliyofichwa kwa fumbo gumu kiasi hicho. Mgeni anaingizwa, anapewa karatasi tupu, anaambiwa soma. Anasema sioni kitu. Anavalishwa miwani, soma tena. Hamna. Wanamfuta macho kwa kitambaa, soma. Hamna. Basi wanatangaza kwamba huyu anahitaji upasuaji, zana zinapangwa mezani, mishumaa inawashwa, na upasuaji unafanyika: ananyofolewa unywele mmoja wa nyusi. Unywele mmoja! Baada ya hapo karatasi inabadilishwa anapewa yenye maandishi, na ameshakuwa ndugu.

Tukiwa hapohapo kwenye mifupa. Huko Marekani mara kwa mara unasikia mafundi wanakarabati jengo la zamani, wanabomoa ukuta au wanafungua kabati, wanakuta jeneza lina mifupa ya mtu. Polisi wanaitwa, utepe wa njano unafungwa, halafu mzee mmoja anatokea anasema jamani hii ilikuwa loji ya Odd Fellows. Wao kwenye sherehe ya kumpokea mgeni walimwonyesha mifupa ili akumbuke atakufa, basi, kama sisi tunavyoambiwa msibani "na wewe leo au kesho". Mingi ilinunuliwa kwa wauzaji wa vifaa vya madaktari, maana enzi hizo mifupa ilikuwa bidhaa ya kuagiza. Swali la huyo marehemu alikuwa nani na kama aliulizwa ni swali la haki kabisa, na mimi sipendi hata kidogo hiyo biashara. Ila sio mauaji.

Mbuzi naye. Hadithi ya "wanapanda mbuzi" ilianza kama utani wa kuwatisha wageni, loji nyingine zikaamua zifanye kweli. Pale Greenville, jimbo la Illinois, kiwanda cha ndugu wa DeMoulin kilikuwa kinatengeneza mbuzi wa manyoya mwenye magurudumu yasiyo sawa, unamkalisha mgeni aliyefungwa macho anarushwarushwa kama bajaji kwenye mashimo. Walikuwa na mashine ya kuchapa makalio inayolipua baruti ya kelele, na zulia la kupiga shoti. Katalogi zao zipo, na bei zake. Kiwanda baadae kikahamia kwenye sare za bendi, na makumbusho ya hayo madude yako mjini hapohapo. Mbuzi wa Freemason unaeweza kumwagiza kwa katalogi na kuletewa kwa treni, jamani.

Lakini picha ya yule mwenye kichwa cha mbuzi na mabawa ambayo inarushwa sana kwenye status, ile ina baba mwingine. Aliichora Mfaransa Eliphas Lévi miaka ya 1850 kwenye kitabu chake cha uchawi. Aliyeiunganisha na Freemason akilini mwa watu ni tapeli mmoja wa Paris, Léo Taxil. Huyu jamaa alianza kama mtukanaji wa Kanisa, mwaka 1885 akatangaza ameokoka, akaanza kutoa vitabu vya "siri" za Freemason, vina mashetani, vina msichana anaitwa Diana Vaughan aliyetoroka kutoka kwao, na kwenye vitabu vya kundi lake mpaka mamba mwenye mabawa anayepiga kinanda. Watu walinunua. Viongozi wa dini waliamini. Tarehe 19 Aprili 1897 akaitisha mkutano, ukumbi ukajaa, wote wanasubiri kumwona Diana, Taxil akapanda akasema hakuna Diana, nilikuwa nawatania miaka 12. Ukumbi ulichafuka. Ajabu ni kwamba yale aliyoyatunga yanaendelea kutembea mpaka leo, ukisikiliza baadhi ya shuhuda za YouTube za hapa kwetu unamsikia Taxil anaongea Kiswahili.

Kwa hiyo na karatasi nazo zinadanganya, au zinatumika vibaya. Ufaransa ilipokuwa chini ya Wajerumani, serikali ya Vichy mwaka 1941 ilichapisha majina ya vigogo wa Freemason kwenye gazeti la serikali, watu wakafukuzwa kazi. Mafaili yaliyonyang'anywa yakapelekwa Ujerumani, vita ilipoisha Warusi wakayachukua, yakalala Moscow miaka na miaka, mengi yakarudi Paris mwaka 2000. Orodha ileile ya majina, kwa mtu wa ukoo ni zawadi, kwa polisi wa Vichy ilikuwa bunduki.

Karatasi moja ambayo mimi ningeomba kuiona kwa macho yangu kabla sijafa iko Boston. Mwaka 1775 mtu mweusi huru, Prince Hall, na wenzake 14 walipokelewa kwenye loji ya wanajeshi wa Uingereza waliokuwa pale. Weupe wa Boston hawakutaka kukaa nao. Wakaandika London, London ikawapa hati tarehe 29 Septemba 1784 kwa jina la African Lodge namba 459, na hati ikachukua mpaka Aprili 1787 kufika mikononi mwao. Fikiria biashara ya utumwa imepamba moto, watu weusi wana karatasi ya London inayosema nyie ni ndugu halali na mnaweza kuongozana wenyewe. Prince Hall huyohuyo mwaka 1777 aliweka jina kwenye ombi kwa bunge la Massachusetts la kukomesha utumwa. Mwaka 1869 jengo lao likaungua, kiongozi wao wakati huo, S. T. Kendall, akaingia kwenye moto kwa kutambaa akaitoa hati ndani ya mrija wake wa bati. Iliungua kidogo kwa joto, ila ipo.

Turudi nyumbani. Freemason Afrika Mashariki wapo tangu enzi za mkoloni, Nairobi wana jengo, Dar wana jengo Sokoine Drive, lina bango kabisa, ukipita unaliona. Aliyekuwa mkuu wao kwa miaka mingi, Sir Andy Chande, mzaliwa wa Mombasa 1928 aliyekulia Bukene kule Tabora, hakujificha, alihojiwa na magazeti, akaandika kitabu cha maisha yake, akafariki 2017. Alikuwa tajiri, ndiyo, wa viwanda vya kusaga nafaka vya familia. Na mwaka 1967 serikali ilivitaifisha, akabaki kuendesha shirika la umma la usagishaji kwa mshahara. Sasa kama Freemason ni kinga ya mali, hiyo kinga siku ya Azimio la Arusha ilikuwa wapi?

Hivyo vibandiko vya kwenye nguzo za umeme, "jiunge Freemason upate utajiri siku tatu, piga namba hii", ni kitu kingine kabisa. Loji ya kweli mwanachama ndo anatoa hela: ada, aproni, chakula, michango. Inaingia kwenye daftari, unapewa risiti. Tapeli yeye hana hati, hana daftari, hana jengo, ana laini ya simu iliyosajiliwa kwa kitambulisho cha bibi wa watu, na anataka "ada ya usajili" kwanza, halafu ya pete, halafu ya "kusafirisha begi". Jirani yangu mmoja alituma mara tatu. Sitasema kiasi, anasoma hapa.

Na msidhani mambo haya ya vyeo na sare ni ya Wazungu tu. Pwani yetu hii kulikuwa na Beni, ngoma za bendi zenye makundi mawili yanayoshindana, Marini na Arinoti, zilizosambaa sana miaka ya Vita Kuu ya kwanza. Walikuwa na wafalme, majenerali, sare, viongozi wa kina mama, wanashindana kwa magwaride na kulishana, na wakifiwa wanazikana. Chama cha kindugu kamili. Lakini madaftari yao yako wapi? Mengi tunayoyajua tumeyapata kwa wazee waliohojiwa na kwenye mafaili ya wakoloni waliokuwa wanawachunguza wakiogopa ni siasa. Daftari la kikundi cha kuzikana cha mtaani kwenu, lile la kaunta lenye madoa ya chai, ndo karatasi ya aina hiyohiyo, na kawaida likijaa linafungiwa karanga.

Kwa hiyo ukikuta kitu cha namna hii kwenye sanduku la babu, au kwenye bitana, kwanza kipige picha pande zote kabla hujakigusa sana. Andika kimetoka wapi, nani alikuwa nacho, mwaka gani. Karatasi usiibandike selotepu wala kuilaminate, joto linaiua, iweke kwenye bahasha kavu mbali na jua na mende. Shaba usiisugue, ule weusi ndo ngozi yake, na maandishi ya juu ni membamba. Ukishindwa kabisa kukaa nacho, Nyaraka za Taifa wapo, makumbusho wapo, waulize.

Haya yote niliyaandika kwenye grupu, mama wa baharini akaweka emoji ya kucheka, mwenye koti akalichukua koti lake. Jumamosi nikaenda kwa fundi nipige picha nzuri ya ile alama iliyochongwa katikati, maana kwenye picha ya kwanza ilionekana kama msumeno au samaki, sikuwa na uhakika. Fundi akaitoa kwenye kopo la vifungo kwa fahari kubwa, inang'aa kama mpya. Alikuwa ameisugua kwa ndimu na mchanga, kote, katikati hapo akaongeza.